Vipaza Sauti vya Misikiti na Sauti Inayopasuka

Miongoni mwa mambo yanayomaliza fedha za sadaka katika misikiti yetu midogo pasipo haja, amplifaya ni moja lililo mbele. Si kwa kuwa mashine hizo hazifai, bali kwa sababu mara nyingi zahukumiwa kuwa zimeharibika hali ya kuwa ni nzima. Mtu huunganisha amplifaya ya pili na ya kwanza, sauti ikatoka imepasukapasuka, au ikatoka hafifu kama ya mtu anenaye ndani ya mtungi. Basi hapo hapo husemwa kuwa mashine ni mbovu, na mchango ukaanzishwa. Katika makala haya twapenda kuonyesha kwamba aghalabu ubovu haumo katika mashine yo yote kati ya hizo mbili, ila umo katika kuunganishwa kwake. Na kwamba mtu mwenye subira, hata akiwa kijana wa shule, aweza kuutambua kabla ya senti moja kutolewa.

Twayasema haya tukizitazama hasa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwani huko jambo hili lina uzito wake. Waislamu wa wilaya hizo ni wachache kati ya majirani zao. Tokea Sirari mpakani mwa Kenya, na mji wa Tarime wenyewe, mpaka Mugumu yaliko makao ya wilaya ya Serengeti, jamaa za misikiti zimetawanyika, na kila jamaa hujitegemea kwa kidogo ilicho nacho. Vyombo vyao havinunuliwi vyote siku moja katika duka moja. Amplifaya moja hutoka Mwanza, nyingine huvuka mpaka pale Sirari, na ya tatu ni wakfu wa mtu aliyehama. Plagi zake zaingia katika soketi ile ile, na jeki zake zaingia katika matundu yale yale, hata mtu akadhani kwamba kila kinachoingia kimefaa. Hapo ndipo penye mtego. Tundu halijui ni kiasi gani cha umeme kinacholetwa na waya, lapokea tu.

Tulipata kuuona mfano wa jambo hili katika msikiti mmoja wa wilaya ya Serengeti, ambao hapana haja ya kuutaja jina. Msikiti huo ulikuwa na amplifaya moja mbele, karibu na mihrabu, ikiendesha spika za ndani na honi moja ya nje. Baadaye kikajengwa chumba cha wanawake upande wa nyuma, na kwa kuwa ukuta uliwatenga na imamu, ikanunuliwa amplifaya ndogo ya pili pamoja na spika mbili kwa ajili yao. Kijana mmoja hodari aliuchukua waya kutoka pale panapofungwa waya za spika za mashine ya kwanza, akautia katika tundu la maikrofoni la mashine ya pili. Kwa nje kazi ilikuwa safi, waya zimepigiliwa ukutani vizuri kabisa.

Siku ya Ijumaa wanawake hawakuisikia khutba. Walisikia mkwaruzo. Katika swala mambo yalizidi kuwa mazito, kwa sababu takbira ya kurukuu na ile ya kusujudu zote zilitoka kama mlio mmoja wa bati linaloanguka. Wengine walikuwa wameinama na wengine wamesimama, na wa safu ya nyuma wakawa wanawatazama walio mbele wapate kujua. Bibi mmoja mtu mzima alimwambia kijana yule, kwa upole wa watu wazima, kwamba wao huko nyuma wanasali na radi. Naye maskini alikuwa ameipunguza sauti ya mashine ya pili mpaka karibu na mwisho, na bado ilikwaruza. Wiki ya tatu akina mama walikuwa wamekwisha kuanza kuchangishana fedha za kununua amplifaya nyingine.

Ili jambo lifahamike, na tumtazame mukabbir. Kabla ya kupatikana umeme, jamaa walipokuwa wengi, mtu alisimama katikati ya safu akizipokea takbira za imamu na kuzirudia kwa sauti kuu ili wa nyuma wasikie. Katika misikiti mikubwa ya Misri na Uturuki alijengewa hata jukwaa dogo lililoinuka, na katika Msikiti Mtukufu wa Makka kazi hiyo ingaliko hata leo. Mukabbir akiwa mahali ambapo sauti ya imamu humfikia kwa kiasi, hurudia sawasawa. Imamu akimnong'oneza, mukabbir atabahatisha, na atakachokirudia kwa nguvu huenda kikawa ni mvumo wa upepo. Na lau mtu angempigia tarumbeta sikioni, angeduwaa, na kitokacho kinywani mwake kisingekuwa takbira. Amplifaya ya pili ni mukabbir wa amplifaya ya kwanza. Haina kazi nyingine ila kupokea na kukuza, na chote kinachoingia kwake kimeharibika hukitoa kimeharibika, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Vipaza sauti vyenyewe si vya zamani sana. Mwaka 1915 Peter Jensen na Edwin Pridham, huko California nchini Marekani, walionyesha chombo cha kupazia sauti mbele ya watu wengi. Haikupita miaka mingi vyombo hivi vikaingia misikitini. Msikiti wa Sultani wa Singapore watajwa kuwa miongoni mwa ya kwanza, mwaka 1936. Tangu hapo mashine zimebadilika sana, lakini jambo tunalolizungumza halikubadilika.

Umeme wa sauti una viwango vyake, na ni lazima tuvijue kwa hesabu. Muadhini akinena mbele ya maikrofoni ya kawaida, sauti yake hugeuka umeme mdogo mno, kiasi cha milivolti chache, yaani sehemu chache za elfu za volti moja. Hicho ni kiwango cha maikrofoni. Redio, simu na miksa hutoa kiwango kikubwa zaidi: vyombo vya nyumbani hufuata kipimo cha volti 0.32 hivi, na vyombo vya studio volti 1.23, hata hivi viwili, ambavyo watu huvihesabu kuwa ni namna moja, vyapitana karibu mara nne. Hicho huitwa kiwango cha laini. Kisha kuna kiwango cha spika. Amplifaya ya wati 100 ikitoa nguvu zake zote kwa spika ya omu 8 hutoa kiasi cha volti 28. Na juu ya hicho kuna laini ya volti 100, inayotumiwa na amplifaya nyingi za misikiti, shule na stesheni ili waya uweze kwenda mbali pasipo kupoteza nguvu. Jina lake latosha kueleza.

Sasa na tulipime lile la chumba cha wanawake. Tundu la maikrofoni hutazamia milivolti 5 hivi. Waya wa spika waweza kuleta volti 28. Tofauti yake ni zaidi ya mara elfu tano! Ajabu si kwamba sauti ilipasuka. Ajabu ni kwamba mashine ile ilibaki hai.

Na kwa nini kupunguza sauti hakukusaidia? Hili yafaa vijana wetu walishike, kwani ndilo ufunguo wa uchunguzi wote. Ndani ya amplifaya, umeme unaotoka kwenye tundu la maikrofoni hukuzwa kwanza, kisha ndipo hufika kwenye kifundo tunachokizungusha kuongeza au kupunguza sauti. Ukiingia umezidi, huharibika pale mlangoni, kabla ya kufika kwenye kifundo. Kifundo hakiwezi kuirekebisha sauti iliyokwisha kupasuka. Kitaifanya tu kuwa sauti iliyopasuka na ndogo. Basi sauti ikikwaruza hata kifundo kikiwa chini, tazama kinachoingia. Ama ikiwa ni safi kifundo kikiwa chini na hukwaruza kinapopandishwa, tazama kinachotoka: ama mashine yadaiwa nguvu isiyo nazo, ama spika yalemewa.

Kinyume chake nacho hutokea. Maikrofoni ikitiwa katika tundu la AUX, ambalo hutazamia kiasi cha milivolti 300, umeme wake huwa pungufu karibu mara mia. Sauti yatoka kwa mbali, mtu hupandisha vifundo vyote mpaka mwisho, na kinachojaa nyumba ni mchakacho kama wa mafuta yanayokaangia samaki.

Upo pia mtego wa tatu, wa ajabu kidogo. Mtu huunganisha simu na miksa kwa waya wenye jeki ya njia mbili, akaitia katika tundu la maikrofoni la namna ya kisasa. Tundu hilo limetengenezwa litoe njia moja katika nyingine ili kuondoa mvumo. Na kwa kuwa sauti ya msomaji imo sawasawa katika njia zote mbili, hutolewa ikaisha. Qur'ani ikasikika kama msomaji yumo katika kisima, hubaki mwangwi wake tu. Hapa dawa si kupandisha sauti wala kuipunguza, bali ni waya unaofaa.

Jamaa zetu wapewe basi utaratibu wa kufuata kabla ya kuita mchango. Kwanza, tenga mashine ya pili kabisa, uisikilize ya kwanza kwa spika zake yenyewe. Kama yakwaruza peke yake, usiilaumu ya pili. Kisha itie mashine ya pili simu katika tundu lake la AUX, sauti ya simu ikiwa katikati, uisikilize nayo. Mashine zote mbili zikiwa safi kila moja kwake, na zikiunganishwa zikaharibika, basi hapana mgonjwa. Ni ndoa tu isiyopatana. Hapo fuata waya kwa kidole tangu mwanzo hata mwisho, usome maandishi yaliyo juu ya kila tundu. Mara nyingi jibu limeandikwa pale pale nyuma ya mashine, lakini vumbi limelifunika.

Muungano ulio sahihi ni huu: kutoka tundu la LINE OUT au REC OUT la mashine ya kwanza, kuingia tundu la AUX au LINE IN la ya pili. Hapo kiwango cha laini chakutana na kiwango cha laini. Katika msikiti ule tuliousimulia mashine ya kwanza ilikuwa na tundu la REC OUT tangu siku iliyonunuliwa, wala hapana aliyepata kulitumia, kwa kuwa wote walidhani ni la kurekodi tu. Waya mmoja wa bei ndogo ndio uliowafanya akina mama waisikie khutba tangu alhamdulillahi ya mwanzo mpaka dua ya mwisho.

Lakini ziko mashine, hasa za zamani, zisizo na tundu hilo. Je, ikiwa hapana ila waya za spika? Hapo lazima umeme upunguzwe njiani. Wauzaji wa redio za magari wana kijisanduku chenye transfoma ndogo kinachoshusha kiwango cha spika kuwa kiwango cha laini, nacho hufaa kwa amplifaya ndogo, maadamu nguvu zilizoandikwa juu yake hazipitwi. Fundi redio naye aweza kutumia rezista mbili: moja ya omu 10,000 na nyingine ya omu 330, umeme ukapita katika ile kubwa na kuchukuliwa juu ya ile ndogo. Volti 28 zikiingia hapo hutoka pungufu ya volti 1 kidogo, na hilo ndilo litakiwalo. Hata hivyo fundi na ahakikishe kwanza kwamba waya mmoja wa spika wa mashine hiyo ni wa ethi, kwani katika amplifaya nyingine waya zote mbili zina umeme, na kuunganisha mmoja wao na ethi ya mashine ya pili ni kuiunguza. Na kwa laini ya volti 100 twasema waziwazi: vijana wasiiguse. Volti hizo zampiga mtu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye transfoma ya kutenganisha.

Kwa kuwa tumeitaja laini ya volti 100, hatuwezi kuziacha honi. Honi za nje zi namna mbili: zenye transfoma ndani, ambazo ni za laini ya volti 100, na zisizo nayo, ambazo ni za omu 8 au 16. Kwa nje zafanana kama mapacha. Honi ya wati 30 yenye transfoma ikifungwa kwenye omu 8 za amplifaya ya wati 100 hupata wati 2 na kidogo tu, na watu wakasema honi imekufa. Ama honi ya omu 8 ikifungwa penye volti 100 za mashine hiyo hiyo, ambayo haitaki mzigo ulio chini ya omu 100, mashine hulemewa. Ikiwa na bahati huunguza fyuzi, na ikiwa haina huungua yenyewe. Tunaamini honi nyingi zilizotupwa katika stoo za misikiti hazina ubaya wo wote.

Liko jambo jingine ambalo si la kiwango lakini hufuatana nacho, hata watu wakavichanganya. Mashine mbili zikiunganishwa huweza kutokea mvumo mzito usiokoma, hata pasipo mtu kunena. Huo ni umeme wa nyumba, ambao mzunguko wake ni mara 50 kwa sekunde, ukipita katika waya za ethi za mashine mbili zilizochomekwa katika soketi za mbali mbali. Jaribu kuzitia mashine zote katika soketi moja. Mara nyingi mvumo huisha. Usiisha, itumike transfoma ndogo ya sauti baina yao. Wako mafundi wanaokata waya wa ethi katika plagi, na kweli mvumo huondoka, lakini na kinga huondoka pamoja nao. Msikitini ni mahali pa watu waliotawadha, wenye miguu na mikono yenye maji. Atakayeshika maikrofoni ya chuma siku mashine itakapovuja umeme ni muadhini au imamu. Tendo hilo ni haramu kwa akili kabla hujauliza kwa sheria.

Waya zikiwa sahihi, bado vifundo vyataka kupangwa, na hapa pana desturi mbaya tuliyoiona mahali pengi: mashine ya kwanza huwekwa chini kabisa, kisha ya pili hupandishwa mpaka mwisho ili kufidia. Anayefanya hivyo hukuza mchakacho wa mashine ya kwanza kuliko sauti ya mtu. Mpango ulio bora ni kuanza mwanzo wa njia. Muadhini asimame mahali pake, mdomo ukiwa kiasi cha shibiri moja kutoka maikrofoni, alete takbira kwa sauti yake kamili, si kwa kunong'ona wala kwa kuhesabu moja mbili tatu kama wafanyavyo wengi. Mashine ya kwanza ipandishwe mpaka sauti yake iwe wazi na taa nyekundu, kama inayo, isiwake. Ndipo ya pili ipandishwe kutoka sifuri, polepole, mtu akiwa katika chumba cha wanawake akisikiliza. Na huyo wa kusikiliza na awe mmoja wa hao wanawake wenyewe, kwani ndio watakaosali humo. Tumewaona wanaume wakipanga sauti ya chumba ambacho hawajaingia mwaka mzima.

Kuhusu honi ya nje, watu hudhani sauti iliyopasuka huenda mbali zaidi kwa kuwa ina kelele. Sivyo. Kelele huenda, maneno hayaendi. Mtume wetu (s.a.w.) alipomwamuru Abdullah bin Zayd amfundishe Bilal maneno ya adhana aliyoyaona ndotoni, ilikuwa ni kwa sababu ya uzuri wa sauti ya Bilal. Katika Tarime na Mugumu, ambako jirani wa msikiti mara nyingi si Mwislamu, adhana ndiyo pengine sehemu pekee ya dini yetu anayoisikia kila siku. Akiisikia safi na ya kiasi, amesikia wito. Akiisikia kama bati linalokatwa alfajiri, amesikia udhia, wala haitakuwa haki kumlaumu akilalamika. Sheria ya nchi nayo imo: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitolewa mwaka 2015 kanuni za viwango vya kelele, nazo hazikubagua kati ya baa, kanisa na msikiti.

Kazi ikikwisha, kipatikane kipande cha plasta na kalamu ya wino. Kila waya na uandikwe watoka wapi na waenda wapi, kwa Kiswahili, na kila kifundo kitiwe alama pale kilipopangwa. Kijana aliyezifunga waya hizo huenda mwakani akawa shuleni Musoma, na honi ikinyamaza usiku wa kuamkia Idi atakayesimama mbele ya mashine, kurunzi mkononi, atakuwa ni mzee asiyeijua REC OUT wala AUX.